Hedhi, mwezi, utrasaundi au kimo cha tumbo: tarehe ipi ya kujifungua uifuate?

Wifi yangu anaishi Mwamgongo, kaskazini mwa Kigoma, kijiji unachokifikia kwa boti kutoka mwalo wa Kibirizi. Katika mimba yake ya pili alishuka mjini na bahasha yenye karatasi mbili za utrasaundi. Ya kwanza, aliyopiga mimba ikiwa na wiki 11, ilisema atajifungua tarehe 4 Machi. Ya pili, ya mwezi wa nane wa mimba, ilisema 25 Machi. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na tarehe nyingine, 14 Februari, kwa sababu siku ya kwanza alipoulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini alikisia tu, "mwanzoni mwa mwezi wa tano." Na mama yangu, ambaye ni mkwe wake, alikuwa na hesabu yake ya mwezi wa kuandama, ambayo haikukubaliana na yoyote kati ya hizo.

Akaziweka zote juu ya mkeka akaniuliza, "Wifi, nifuate ipi?"

Kwa mtu wa Mwamgongo hilo si swali la udadisi. Ndilo linaloamua siku ya kupanda boti, siku ya kuacha watoto kwa jirani, na wiki ambazo atakula na kulala kwa watu. Kwa aliye mjini karibu na hospitali, kukosea wiki mbili ni usumbufu. Kwa aliye mwambao, au kijiji cha ndani ambako barabara hujaa tope kuanzia Novemba hadi Aprili, ni kujifungulia njiani. Nimezilinganisha njia zote kwa kadiri ninavyozijua, na nitasema wazi ipi naiamini kwa hali ipi.

Wiki mbili zinazoleta ugomvi nyumbani

Kabla ya kulinganisha lazima tukubaliane tunaanza kuhesabu wapi, maana hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa.

Hospitali huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Si siku mlipokutana na mumeo, wala si siku uliyogundua kwamba siku zako hazijaja. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Maana yake ni kwamba katika wiki ya kwanza na ya pili ya mimba, mimba yenyewe haipo bado. Wiki 40 za kliniki ni wiki 38 hivi tangu mimba ilipotunga.

Sasa mchukue mvuvi aliyekuwa kambini miezi miwili, akarudi nyumbani tarehe 1 Oktoba. Mkewe alikuwa ameona siku zake tarehe 17 Septemba. Tarehe 3 Desemba anakwenda kliniki, anaambiwa mimba ina wiki 11. Mume anahesabu kwa vidole: tangu arudi ni wiki 9. Wiki mbili za juu zimetoka wapi? Nimewaona watu wakilala vyumba tofauti kwa hesabu hii, na mwanamke hana namna ya kujitetea kwa sababu karatasi ya hospitali ndiyo inayomshtaki. Ukweli ni kwamba wiki 11 za hedhi na wiki 9 za kutunga mimba ni kitu kimoja. Mtoto yule ni wake. Ukihesabu siku 280 kutoka 17 Septemba unafika 24 Juni, na ukihesabu siku 266 kutoka 1 Oktoba unafika 24 Juni ileile. Natamani kila nesi angetaja jambo hili kabla mama hajatoka mlangoni.

Hedhi ya mwisho

Kanuni inayotumika kliniki hadi leo ina jina la daktari wa Ujerumani, Franz Naegele, aliyefariki mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3, kisha uende mwaka unaofuata. Hedhi ilianza 8 Agosti? Ongeza siku 7, ni 15 Agosti. Rudi miezi mitatu, ni 15 Mei. Basi. Lile gurudumu la karatasi analozungusha nesi linafanya kazi hiyohiyo, na programu nyingi za simu pia, kwa hiyo usizihesabu kama njia tofauti. Ukiidanganya programu kuhusu hedhi, nayo itakudanganya kuhusu kujifungua.

Ubora wake ni kwamba haina gharama na inatumika popote, hata penye zahanati isiyo na umeme. Udhaifu wake ni mwili na kumbukumbu.

Mwili kwanza. Kanuni inadhani mzunguko wako ni siku 28. Kama wako ni 35, yai hutoka karibu wiki moja baadaye, kwa hiyo tarehe yako si 15 Mei bali 22 Mei. Kama ni 24, toa siku nne, ni 11 Mei. Mwambie nesi mzunguko wako hata kama hajauliza. Kuna pia wale ambao kanuni hii haiwafai kabisa. Waliotoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango wanaweza kukaa miezi mingi bila hedhi, kisha wakashika mimba kabla haijarudi sawasawa. Wanaonyonyesha nao hivyohivyo, mimba inaingia huku hedhi haijaonekana tangu uzazi uliopita. Na wapo wanaotokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa wakadhani ni siku zao. Huyo hesabu yake itachelewa kwa mwezi mzima. Damu nyepesi ya siku moja au mbili, tofauti na uliyoizoea, itaje kliniki kama ilivyo.

Kumbukumbu ni rahisi zaidi kusaidia. Ukimuuliza mtu "tarehe ngapi?" atakisia, kama wifi yangu. Muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Sabasaba au baada? Ulifunga Ramadhani siku ngapi mfululizo kabla hujakatizwa na hedhi? Swali hili la pili ni la thamani kubwa kwetu Ujiji, kwa sababu mwanamke anayelipa funga yake anajua hasa aliacha kufunga siku gani. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za kawaida itamalizia kazi.

Hesabu ya mwezi wa kuandama

Hii watu wa hospitali huidharau, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Kigoma ni mji unaoishi kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika hupumzika. Mwanamke wa nyumba ya mvuvi anajua mwezi umefikia wapi bila kuangalia simu.

Mwezi mmoja wa kuandama ni siku 29 na nusu. Tisa ni siku 265 na nusu. Na kutoka kutunga mimba hadi kujifungua, kwa wastani, ni siku 266! Kwa hiyo wazee waliposema mimba ni miezi tisa hawakukosea hata kidogo, mradi hesabu ianze mimba inapotunga.

Tatizo ni kwamba wengi hawaanzii hapo. Wanaanzia mwezi ambao hedhi haikuja, kwa sababu hapo ndipo mtu anapojua. Hadi siku hiyo wiki nne za kliniki zimeshapita. Ukiongeza miezi tisa ya kuandama juu yake unafika karibu wiki ya 42, na wiki ya 42 ni hatari. Mama yangu alikuwa amehesabu hivyo hivyo. Kama unatumia mwezi, hesabu miezi tisa na nusu tangu hedhi ya mwisho ilipoanza. Au afadhali itumie kukumbuka tu ("ilikuwa usiku wa giza, baba yao alikuwa ziwani"), halafu ugeuze kuwa tarehe ya kalenda.

Utrasaundi ya mapema na utrasaundi ya mwishoni

Watu huzungumza kama utrasaundi ni kitu kimoja. Kwa suala la tarehe ni vipimo viwili tofauti kabisa, na kutoelewa hili ndiko kulikotaka kumponza wifi yangu.

Mashine haioni tarehe. Inampima mtoto kwa milimita, kisha inauliza: mtoto wa kawaida mwenye urefu huu ana wiki ngapi? Mwanzoni watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, awe mtoto wa mwanamke mfupi au mrefu, wa Kasulu au wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya wiki 14, anapopimwa kutoka kichwani hadi makalioni, jibu hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Hakuna njia ya kawaida inayoishinda.

Baadaye kila mtoto anashika njia yake. Mmoja ni mkubwa kwa asili, mwingine mama yake ana kisukari, mwingine ni mdogo kwa sababu mama amepungukiwa damu, ana presha, au malaria imeshambulia kondo la nyuma, na kwetu Kigoma malaria si hadithi. Mashine inayompima mtoto mdogo katika mwezi wa nane haisemi "huyu hajakua vizuri." Inasema "huyu ni mchanga," na inasogeza tarehe mbele. Baada ya wiki 28 kosa linaweza kufika wiki tatu au kuzidi.

Angalia basi karatasi za wifi. Ya wiki 11: 4 Machi. Ya mwezi wa nane: 25 Machi. Mtu mmoja, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alimwambia afuate ya karibuni kwa sababu "mtoto sasa anaonekana vizuri." Kuonekana vizuri na kuhesabika vizuri ni mambo mawili. Tarehe 25 Machi kwa hesabu ya kweli ingekuwa wiki ya 43. Karatasi ya pili ilikuwa inatoa habari muhimu, lakini si ya tarehe. Ilikuwa inasema mtoto ni mdogo kuliko umri wake, na hilo lilitaka mama aangaliwe kwa karibu, si kuambiwa asubiri.

Kanuni ninayoishika ni hii: tarehe ikishapatikana kwa picha ya mapema, haibadilishwi na picha za baadaye. Ukiwa na hedhi unayoikumbuka kwa hakika, na picha ya kabla ya wiki 14 ikatofautiana nayo kwa siku 7 au pungufu, baki na hedhi. Ikizidi hapo, fuata picha. Kwa wifi, 14 Februari ilipishana na 4 Machi kwa siku 18, na hedhi yenyewe ilikuwa ya kukisia. Tarehe yake ilikuwa 4 Machi, mjadala umekwisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apige utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Kama pesa ni ya picha moja tu, usiitunze hadi mwezi wa nane ili uone jinsia. Ipige mapema, ukiweza kabla ya wiki 14, na karatasi yake uitunze kama hati ya kiwanja.

Kimo cha tumbo, na mtoto kuanza kucheza

Nesi au mkunga anaposhika tumbo lako anatafuta kilele cha mfuko wa uzazi. Wiki ya 12 kinaanza kuguswa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Karibu wiki ya 20 hadi 22 kimefika kitovuni. Wiki ya 36 kiko chini ya chembe ya moyo, kisha hushuka kichwa cha mtoto kikiingia kwenye nyonga, ndiyo maana mwishoni mama hupumua vizuri zaidi ingawa kutembea kunakuwa kazi. Kwa utepe, kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita hukaribiana na wiki, tofauti ya sentimita mbili haina neno.

Lakini pacha huinua tumbo, uvimbe huinua tumbo, maji mengi huinua tumbo, hata kibofu kilichojaa (nenda haja ndogo kabla ya kupimwa). Mtoto aliyelala kimshazari hushusha kipimo. Utepe unafaa sana kufuatilia kama mtoto anaongezeka kutoka kliniki hadi kliniki. Kwa kutafuta tarehe ni njia ya asiye na nyingine.

Mtoto kucheza ni dalili tamu lakini saa yake haina uhakika. Mimba ya kwanza wengi husikia wiki ya 18 hadi 20, waliokwisha kuzaa huanza wiki ya 16 hadi 18. Kondo likiwa mbele ya tumbo huchelewesha. Iandike tarehe hiyo. Siku hedhi haikumbukwi na picha haipo, nesi ataishukuru.

Zikiwekwa pamoja:

| Njia | Inaweza kukosea kwa |
|---|---|
| Utrasaundi kabla ya wiki 14 | siku 5–7 |
| Hedhi ya hakika, mzunguko usioyumba | wiki 1 hivi |
| Utrasaundi wiki 14–21 | siku 7–10 |
| Utrasaundi wiki 22–27 | wiki 2 |
| Mtoto kuanza kucheza | wiki 2–4 |
| Utrasaundi baada ya wiki 28 | wiki 3 au zaidi |
| Kimo cha tumbo peke yake | wiki 3–4 |
| Hedhi ya kukisia | mwezi mzima |

Aliyefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa mwezi wa saba, bila hedhi wala picha, asikate tamaa. Huyo apige picha sasa, arudie baada ya wiki tatu au nne mahali palepale, ili ionekane mtoto ameongezeka kiasi gani. Wataalamu watachukua tarehe ya picha ya kwanza kati ya hizo mbili, pamoja na kimo na siku mtoto alipoanza kucheza, na watamfuatilia kwa tahadhari zaidi, kwa sababu tarehe yake ina mkia mrefu mbele na nyuma.

Tarehe inavyogawa mimba

Hadi wiki ya 13 viungo vyote vikuu vinaumbwa. Ndicho kipindi cha kichefuchefu, cha mimba nyingi kuharibika, na cha kutokunywa dawa bila kuuliza. Vidonge vya SP vya kukinga malaria haviruhusiwi hapa. Huanza kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi au zaidi. Mwenye hesabu mbovu huvipata kabla ya wakati au huchelewa.

Wiki 14 hadi 27 ni kipindi chepesi kwa wengi. Nguvu zinarudi, tumbo linaonekana. Kama una safari ndefu ya kwenda kwa wazazi Kibondo, au Tabora kwa treni, ni sasa.

Kuanzia wiki ya 28 hesabu inakuwa na uzito wa uhai. Uchungu ukianza wiki ya 33, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto njiti, ambazo hutolewa hadi wiki ya 34. Mtu aliyeandikiwa wiki 36 kimakosa anaweza kuzikosa. Na upande wa pili, wiki ya 41 ikikamilika ndipo hospitali hupendekeza mama aanzishiwe uchungu, maana baada ya hapo kondo huanza kuchoka. Maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, kutokwa damu, chupa kupasuka au mtoto kuacha kucheza havingoji tarehe yoyote. Hapo ni kuondoka saa hiyohiyo.

Siku ya kupanda boti

Watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni kama 4 au 5 kati ya 100. Kwa hiyo usipange safari kwa siku, panga kwa dirisha. Mtoto aliyetimia huja kati ya wiki ya 37 na ya 42. Kwa mtu wa mwambao au wa mbali na hospitali, ushauri wangu ni kuwa umeshafika mjini, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo, wiki ya 37 inapoanza. Mwenye pacha au aliyewahi kupasuliwa awahi zaidi, kabla ya wiki ya 36, na aulize mapema hospitali gani inaweza kumpasua. Ikiwa dirisha lako linaangukia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huchafua ziwa, ongeza siku kadhaa. Usiangalie nafasi ya boti tu, angalia nani atabaki na watoto kwa wiki tano, kwa sababu zinaweza kuwa tano.

Kwa 4 Machi, wiki ya 37 iliangukia 11 Februari. Wifi alifika kwangu tarehe 15 na tukasubiri. Februari ikaisha. Tarehe 4 ikapita, mama akaniambia, "Nilisema mwezi ukiandama." Tarehe 11 Machi, wiki 41 kamili, tulikwenda hospitali na karatasi ya kwanza ikiwa juu ya kadi. Daktari aliisoma, akauliza picha hiyo ilipigwa mimba ikiwa na wiki ngapi, akaiweka ya pili pembeni bila neno. Usiku wa tarehe 12 mtoto alizaliwa, msichana wa kilo 2.6, kucha ndefu, ngozi kavu inayobanduka kwenye viganja kama ya mtu mzima aliyefua siku nzima. Alilia palepale.